Maswali ya Wasomaji: Lugha ya Kuundwa Inaweza Kubanwa Hadi Wapi?

Tangu tuandike kuhusu lugha za kuundwa, yaani zile ambazo mtu hukaa akazibuni mwenyewe kuanzia sauti hadi sarufi, barua nyingi zimeuliza jambo lilelile: je, mtu anaweza kuunda lugha ya kusema mengi kwa silabi chache mno? Anaweza, na ni jaribio zuri sana kwa yeyote anayetaka kuelewa lugha inavyofanya kazi. Ila kila silabi unayoiondoa kuna anayeilipia: msemaji kwa ulimi wake, msikilizaji kwa kumbukumbu yake, au wote wawili pale kelele zinapoingia kati. Kazi ya mbunifu ni kuamua nani alipe na kiasi gani, na majibu ya safu hii yote yanazunguka hapo.

SWALI: Ndugu mhariri, nasoma isimu na nataka kuunda lugha ya majaribio itakayokuwa fupi kuliko nyingine zote. Nianze na sauti, maneno au sarufi?

Anza na kipimo. Lugha inaweza kuwa fupi kwa silabi, kwa sekunde za kutamka, kwa herufi za kuandika au kwa baiti za kuhifadhi, na vipimo hivi haviendi pamoja. Ukiipunguzia sentensi silabi kwa kurundika konsonanti ndani ya zile zinazobaki, kila silabi itatamkwa kwa muda mrefu zaidi, na huenda sekunde zikabaki zilezile.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2019 Christophe Coupé, Yoon Mi Oh, Dan Dediu na François Pellegrino walichapisha utafiti uliolinganisha lugha 17 zinazozungumzwa leo. Kasi ya silabi ilitofautiana sana, lakini kasi ya kupitisha taarifa ilikaribiana: biti 39 hivi kwa sekunde. (Biti moja inatosha kuchagua kati ya mambo mawili yenye uwezekano sawa, biti 3 huchagua kati ya manane.) Kijapani huenda mbio, silabi 8 hivi kwa sekunde, ila kila silabi hubeba biti 5 hivi. Kivietinamu huenda silabi 5 hivi kwa sekunde, kila moja ikibeba biti 8 hivi. Kwa hiyo ukifanikiwa kupunguza silabi kwa nusu, tegemea msemaji naye apunguze mwendo. Tunashauri uchague silabi kuwa kipimo kikuu, kisha sekunde zipimwe pembeni ili usijidanganye.

Baada ya hapo, kabla hujabuni neno hata moja, andaa sentensi 100 za kupimia: maelekezo, mazungumzo, habari, hesabu, malalamiko, maswali. Hesabu silabi zake katika lugha unayoimudu. Mtu anayeunda lugha kwanza na kutafuta sentensi baadaye hujikuta akichagua zile ambazo lugha yake inaziweza, na matokeo yake hayamwambii mtu mwingine chochote.

SWALI: Nikiongeza toni, vidoko (sauti za kudata ulimi) na konsonanti nyingi, si kila silabi itabeba mengi na lugha itafupika?

Itafupika, ila kidogo kuliko hesabu ya haraka inavyoonyesha, kwa sababu biti hazipandi sawasawa na idadi ya sauti. Chukua konsonanti 16 na irabu 5, silabi zote zikiwa za konsonanti moja na irabu moja. Unapata silabi 80, na kila silabi inaweza kubeba biti 6.32 kwa kiwango cha juu. Sasa ongeza konsonanti ziwe 32, idadi inayowatoa jasho wanafunzi wengi. Silabi zinakuwa 160 na uwezo unapanda hadi biti 7.32. Umezidisha konsonanti mara mbili ukapata biti moja tu. Toni tatu juu ya silabi 80 za mwanzo zinakupa silabi 240, biti 7.91, na hiyo ni faida kubwa zaidi kwa gharama ndogo, kwa sababu toni hupanda juu ya irabu ambayo ingetamkwa hata hivyo. Ukiruhusu silabi ifungwe kwa n, s au l, au ibaki wazi, unafika silabi 320 na biti 8.32, lakini silabi tatu kati ya kila nne zimeongezewa sauti, na saa itaonyesha hivyo.

Lugha za watu zinaishi pande zote mbili. Kitaa cha Botswana na Namibia kina fonimu, yaani sauti zinazotofautisha maneno, zaidi ya 100, vidoko vikiwa sehemu kubwa. Kihawaii kina 13 tu. Hakuna kati ya wasemaji hao anayekwama.

Jambo zito zaidi ni sauti zipi zinapotea kwenye kelele. George Miller na Patricia Nicely walilipima mwaka 1955 kwa konsonanti 16 za Kiingereza, na matokeo yao yanapingana na yale ambayo wabunifu wengi huyadhani. Wengi huogopa kuweka p na b katika lugha moja. Kumbe tofauti ya ghuna (sauti zinazotikisa nyuzi za sauti, kama b) na sighuna (zisizozitikisa, kama p) hustahimili kelele vizuri, sawa na tofauti ya nazali, yaani sauti za puani, na zisizo nazali. Kinachopotea mapema ni mahali pa kutamkia: p, t na k huchanganywa zenyewe kwa zenyewe, na m huchanganywa na n. Simu ya kawaida inaongeza tatizo jingine: hupitisha masafa ya kuanzia 300 hadi 3,400 Hz, na sehemu kubwa ya mlio wa s iko juu ya hapo, ndiyo maana s na f hukanganya simuni. Kabla hujaongeza konsonanti ya 17, jiulize kama zile 16 zinasikika.

SWALI: Maneno yakiwa ya silabi moja au mbili na msemaji hatui, msikilizaji atajuaje neno linaishia wapi?

Hili ndilo swali tulilokuwa tunalisubiri, kwa sababu hapa ndipo lugha fupi nyingi huvunjika. Mbunifu hutoa maneno ya silabi moja 80, kisha ya silabi mbili 6,400, anafurahia hesabu yake, halafu anagundua kwamba "tamilo" inaweza kuwa ta-milo, tami-lo au ta-mi-lo. Atalazimika kuweka kituo kati ya maneno, na kituo kinakula muda aliodhani ameuokoa.

Kuna njia mbili za kufunga mipaka ndani ya sauti zenyewe. Ya kwanza ni kugawa silabi za kuanzia. Kwa silabi 80 zile: 30 zisimame peke yake kama maneno, 40 zifungue maneno ya silabi mbili, na 10 zifungue maneno ya silabi tatu. Unapata maneno 30 ya silabi moja, 3,200 ya silabi mbili na 64,000 ya silabi tatu, na msikilizaji akisikia silabi ya kwanza tu anajua neno lina urefu gani. Njia hii inavutia kwenye karatasi. Udhaifu wake ni kwamba silabi moja ikipotea, kila kitu kinachofuata kinakatwa mahali pasipo pake, hadi msemaji atue.

Ya pili ni kugawa konsonanti: 8 za mwanzo wa neno tu, na 8 za ndani ya neno tu. Hapo maneno ya silabi moja ni 40, ya silabi mbili 1,600, ya silabi tatu 64,000. Linganisha. Umepoteza nusu ya maneno ya silabi mbili, lakini umeongeza 10 katika yale ya silabi moja, ambayo ndiyo yanayosemwa mara nyingi kuliko yote. Na silabi ikipotea, hasara haizidi neno hilo na lile lililolitangulia, kwa kuwa konsonanti ya mwanzo inayofuata inamrudisha msikilizaji njiani.

Sisi tunaichagua ya pili bila kusita, na mgawanyo tunaoupenda ni huu: mwanzoni p, t, k, ch, f, s, sh, h, ndani b, d, g, z, m, n, l, w. Za kwanza zote ni sighuna na za pili zote ni ghuna. Kwa vile tofauti hiyo hustahimili kelele, msikilizaji anaweza asijue kama alisikia p au t lakini akawa na hakika kwamba neno jipya limeanza. Mfuatano "pafumitishole" unajikata wenyewe: pa, fumi, ti, shole. Silabi "mi" ikimezwa na kelele unabaki na pa, fu, ti, shole. Neno moja limeharibika, matatu ni salama.

Mgawanyo huu una shimo lake: mtu akinong'ona, nyuzi za sauti hazitikisiki, na b, d, g, z zinageuka karibu sawa na p, t, k, s. Mipaka inafutika. Ukitaka lugha ya kunong'onwa, ondoa hizo nne uweke ny, ng', r na y. Sasa konsonanti zote za ndani ni nazali, vitambaza, kimadende au viyeyusho, ambazo hazifanani na za mwanzo hata kwa mnong'ono. Gharama yake ni nazali nne zinazokaribiana na jozi ya l na r inayowashinda watu wengi.

Lojban, lugha ya kuundwa iliyoanza mwaka 1987, ilitatua tatizo hili kwa umbo: kila mzizi una herufi 5 zenye konsonanti mbili zilizoshikana, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Inafanya kazi, lakini mzizi wa herufi 5 ni mrefu mno kwa lengo lako.

SWALI: Toki Pona ina maneno kama 120 tu. Je, si ndiyo lugha fupi kuliko zote?

Hapana. Toki Pona, iliyotolewa na Sonja Lang mwaka 2001, ina kamusi fupi na herufi 14 tu, lakini kamusi fupi hurefusha sentensi. Gari huitwa tomo tawa, yaani jengo la mwendo; rafiki ni jan pona, mtu mwema. Kitu kisicho na neno lake lazima kielezwe. Ufupi wa sentensi unadai kinyume chake, kamusi kubwa ambayo mtu anaibeba kichwani. Toki Pona ilikusudia urahisi, na katika hilo imefanikiwa.

SWALI: Nina silabi 40 za kutumika kama maneno kamili. Nizipe maana zipi?

Zile zinazotokea mara nyingi zaidi, na uzihesabu, usizikisie. George Kingsley Zipf alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba maneno yanayotumika sana huelekea kuwa mafupi katika lugha za asili, na mwaka 1952 David Huffman akatoa utaratibu wa kugawa misimbo kwa namna hiyo ili urefu wa wastani uwe mdogo iwezekanavyo. Ila kuna mtego kwa anayehesabu kutoka kwenye matini ya Kiswahili. Ukihesabu maneno mazima, "hawajatuletea" litatokea mara moja katika kurasa nyingi na utaliona adimu. Likate: ha-wa-ja-tu-let-e-a. Mofimu saba, yaani vipande vidogo vyenye maana, ndani ya silabi saba, na karibu zote ni miongoni mwa zile zinazotumika zaidi katika lugha nzima. Hesabu mofimu. Matini ya maneno 20,000 kutoka vyanzo vitano au sita tofauti inatosha kwa kuanzia. Yakitoka chanzo kimoja, orodha yako itajaa msamiati wa chanzo hicho.

Usiingie kishawishi cha kutumia orodha ya Swadesh, ile ya maneno ya msingi, kwa kazi hii. Iliandaliwa kulinganisha undugu wa lugha, si kuonyesha maneno yanayotumika sana. Chawa yumo, na sidhani kama chawa anastahili silabi moja katika lugha ya kubana.

Kati ya 40, acha 6 wazi. Baada ya kutafsiri sentensi 100 utagundua maana ambazo hukuzitarajia zikijirudia, kwa mfano "ile tuliyoitaja" au "kwa sababu hiyo", na kama silabi zote zimeshachukuliwa utalazimika kung'oa neno ambalo tayari limekaa kichwani mwa watumiaji.

Usipange maneno kwa jamii ya maana pia, kwamba wanyama wote waanze na fu-, mimea yote na she-. John Wilkins wa Uingereza alipanga lugha yake hivyo katika kitabu chake cha 1668, na matokeo ni kwamba vitu vinavyokaribiana kimaana vilikaribiana pia kwa sauti. Shayiri na ua la tulipu vilitofautiana kwa herufi moja, na Umberto Eco alibaini kwamba hata Wilkins mwenyewe anaelekea kuwa aliandika moja mahali pa nyingine. Muktadha ndio unaomwokoa msikilizaji anaposikia vibaya, na muktadha hauwezi kumsaidia kuchagua kati ya mbuzi na kondoo. Unaweza kumsaidia kuchagua kati ya mbuzi na "kesho". Basi maneno yanayofanana kwa sauti yatupwe mbali kimaana, na yanayokaribiana kimaana yatofautiane kwa sauti mbili angalau.

SWALI: Katika sarufi nikate nini? Nimeshaondoa ngeli na nyakati.

Nyakati zirudishe kama hiari: msemaji azitaje pale tu zinapobadilika au zisipojulikana. Sarufi inayomlazimisha kutaja wakati kila mara inalipia taarifa ambayo mara nyingi msikilizaji anayo tayari, na sarufi isiyo na njia ya kuutaja itamfanya azunguke kwa sentensi nzima.

Ngeli zinahitaji kufikiriwa zaidi. Ni kweli kwamba katika "vitabu vyangu vile viwili vimepotea" taarifa ileile imetajwa mara tano. Lakini upatanisho huo unafanya kazi mbili. Unalinda sentensi kwenye kelele, na unakuwezesha kuacha nomino kabisa: ukisema "vimepotea", msikilizaji anajua ni vitabu na si watoto. Kwa hiyo ondoa upatanisho ndani ya kirai na ubakize faida ya pili. Weka viwakilishi vinne hadi vinane vya silabi moja, kila kimoja kikishika nomino iliyotajwa karibuni kwa kanuni nyepesi, kwa mfano irabu ya kwanza ya nomino. Kwa irabu 5 unahitaji viwakilishi 5, na nomino ya silabi tatu inatajwa mara moja tu katika aya.

Sehemu yenye faida kubwa ni mpangilio wa sentensi. Mwanamantiki wa Poland Jan Łukasiewicz alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba ukitanguliza alama ya tendo na idadi ya nafasi zake ikajulikana, mabano hayahitajiki. Tumia hilo. Kila kitenzi kiwe na nafasi maalumu: "lala" moja, "ona" mbili, "toa" tatu kwa mpangilio wa mtoaji, kitu, mpokeaji. Kisha "ona mimi toa mama kitabu mtoto" ni sentensi kamili yenye maana ya "naona mama akimpa mtoto kitabu". Hakuna kihusishi, hakuna kiunganishi, hakuna shaka ya nani kampa nani.

Matatizo mawili yatakufuata. Nafasi isiyo na wa kuijaza lazima ijazwe, kwa hiyo tenga silabi moja yenye maana ya "yeyote, haijalishi". Na msikilizaji akisahau kwamba "toa" ina nafasi tatu, maneno yote yanayofuata yatahama nafasi moja moja. Tiba yake ni irabu ya mwisho ya kitenzi: i kwa nafasi moja, a kwa mbili, u kwa tatu. Umejinyima uhuru wa irabu hiyo, na vitenzi utakavyoweza kuunda vitapungua, lakini sentensi imejibeba yenyewe. Hata hivyo usiruhusu tendo ndani ya tendo ndani ya tendo zaidi ya ngazi tatu. Msikilizaji anayeshikilia nafasi nne zilizo wazi huanza kudondosha za mwanzo.

Wasomaji watatu wameuliza kuhusu Ithkuil, lugha ya kuundwa ya John Quijada, iliyochapishwa mwaka 2004 ikiwa na konsonanti 65 na irabu 17, na katika toleo la 2011 zikapunguzwa hadi 45 na 13. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Katika toleo hilo la pili, "Tram-mļöi hhâsmařpţuktôx" ina maana ya "kinyume chake, nadhani huenda ikaonekana kwamba safu hii ya milima yenye miamba inafifia mahali fulani". Silabi 6 kwa zaidi ya 40. Lakini neno moja lina vipengele vingi vya lazima, kila kimoja kikidai uamuzi kabla mdomo haujafunguka, na Quijada mwenyewe haizungumzi kwa ufasaha. Lengo lake halikuwa maongezi ya kila siku. Ikiwa lengo lako ni hilo, fanya kila kipengele kiwe cha hiari na kiwe na maana ya msingi kisipotajwa.

SWALI: Lugha yangu haina hata silabi moja ya ziada. Wanaoijaribu wanalalamika kwamba wakikosea sauti moja wanasema jambo jingine kabisa.

Wako sahihi, na ndivyo ilivyo kwa lugha yoyote isiyo na ziada. Robert Heinlein alibuni wazo hili katika hadithi ya 1949, lugha ambayo kila fonimu moja ni neno zima. Katika lugha kama hiyo kila kosa la kusikia linazaa neno halali, na msikilizaji hana njia ya kujua kwamba kosa limetokea. Lugha za asili zimejaa ziada kwa sababu hiyohiyo. Claude Shannon alikadiria mwaka 1951 kwamba herufi ya Kiingereza iliyochapishwa hubeba kati ya biti 0.6 na 1.3 msomaji akijua herufi nyingi zilizotangulia, ilhali alama 27 zikitumika sawasawa zingebeba biti 4.75.

Swali ni uirudishe wapi. Ukitaka kosa la sauti moja ligundulike katika kila neno, lazima maneno yoyote mawili yatofautiane kwa sauti mbili. Piga hesabu kwa mfumo wetu wa konsonanti 8 na 8. Neno la silabi mbili lina konsonanti, irabu, konsonanti, irabu: 8 × 5 × 8 × 5, yaani 1,600. Sharti la sauti mbili linakubakizia 200 tu, kwa sababu konsonanti ya pili inakuwa imeamuliwa na sauti nyingine tatu. Kanuni ya kuyapata: zipe konsonanti namba 0 hadi 7 na irabu namba 0 hadi 4, jumlisha konsonanti ya kwanza na irabu zote mbili, gawanya kwa 8, na baki ndiyo namba ya konsonanti ya pili. Maneno ya silabi tatu yatapungua vivyo hivyo, kutoka 64,000 hadi 8,000.

Hiyo ni bei kubwa mno kwa kamusi nzima, lakini ni halali kwa sehemu chache ambazo muktadha hauzisaidii: tarakimu, siku na saa, maelekezo ya kushoto na kulia, na ukanushi. Chukua maneno yake kutoka katika zile 200. Tarakimu ndizo za kwanza, maana hakuna kinachomwambia msikilizaji kwamba namba ingepaswa kuwa 6 na si 9. Kiswahili chenyewe kina udhaifu hapo: "sita" na "tisa" zina irabu zilezile na konsonanti zilezile zilizobadilishana nafasi. Katika mawasiliano ya ndege kwa Kiingereza namba 9 hutamkwa "niner" kwa sababu ya aina hiyohiyo. Watunzi wa misimbo ya telegrafu walilijua hili mapema. Vitabu vilivyotungwa kwa uangalifu mwanzoni mwa karne ya 20 vilitumia maneno ya herufi 5 yaliyotofautiana kwa herufi mbili angalau, ingawa kila neno la ziada lililipiwa.

Ukanushi usibebwe kamwe na sauti moja iliyojificha katikati ya neno. Upe silabi yake kamili, na uuweke mbele ya kitenzi.

SWALI: Je, kama lugha ni ya kuandika tu, kwa ujumbe wa simu?

Basi hesabu baiti, na jiepushe na herufi zenye vialama. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160 zikiwa zote katika jedwali la msingi la GSM. Herufi moja tu ya nje ya jedwali hilo, kama ļ, hushusha kikomo cha ujumbe mzima hadi 70. Tumia herufi 26 ndogo na kubwa kama alama tofauti ukitaka, mradi uzime marekebisho ya moja kwa moja ya simu, ambayo huigeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa. Sharti la kila silabi kuwa na irabu nalo unaweza kulilegeza, kwa kuwa hakuna anayetamka.

SWALI: Nitajuaje kwamba imefanikiwa?

Unahitaji watu wawili wasio wewe. Mbunifu hufasiri alichokusudia, si kilichoandikwa, kwa hiyo hafai kuwa msikilizaji.

Mpe wa kwanza sentensi 50 kati ya zile 100 azitafsiri. Mpe wa pili tafsiri hizo, bila sentensi za asili, azirudishe katika lugha ya kawaida. Linganisha kwa maana, si neno kwa neno. Mahali tafsiri ilipopotea, andika sababu mojawapo kati ya nne: neno limesahauliwa, mpaka umekosewa, nafasi ya kitenzi imehama, au sentensi ina maana mbili halali. Sababu ya kwanza hupungua kwa mazoezi. Tatu zilizobaki ni makosa ya muundo na mazoezi hayataziondoa.

Kisha fanya jaribio la masikio. Msemaji asome maneno 100 ya silabi moja na mbili yaliyochanganywa bila mpangilio, msikilizaji akiwa amempa mgongo na kuandika anachosikia. Rudia feni ikiwa inavuma karibu na msikilizaji. Panga makosa kwa jozi: p ikasikika t mara ngapi, m ikasikika n mara ngapi. Jozi inayojitokeza katika chumba tulivu inamaanisha sauti moja iondoke. Jozi inayojitokeza kwenye kelele pekee inaweza kubaki, mradi maneno yanayotenganishwa nayo hayawezi kukaa mahali pamoja katika sentensi.

Mwisho pima sekunde, na upime baada ya watu hao kuwa na mazoezi ya kutosha kusoma bila kusitasita. Vipimo vya wiki ya kwanza hupima ugeni. Silabi zikiwa zimepungua kwa nusu na sekunde kwa robo, hayo ni matokeo mazuri. Silabi zikipungua kwa nusu na sekunde zikabaki palepale, angalia kwanza urefu wa silabi zako, kisha idadi ya maamuzi anayolazimika kuyafanya msemaji kabla ya kufungua mdomo. Na kila ukibadilisha sauti au kiambishi, tafsiri zote 100 zirudiwe upya, hata zile ambazo hazionekani kuguswa.